Jinsi ya kuzipa kurasa za tovuti anwani safi zinazodumu

CHUKULIA mwalimu wa shule ya upili aliyesoma mtandaoni makala kuhusu ugonjwa wa mahindi, akapendezwa nayo na kuiandika anwani yake ubaoni ili wanafunzi waisome kwa wakati wao. Anwani hiyo ina herufi zaidi ya 70. Ndani yake mna jina la programu inayoiendesha tovuti, nukta, herufi mbili zisizo na maana yoyote kwa msomaji, kiulizi, alama za kulingana na msururu wa tarakimu.

Kati ya wanafunzi 40, wengi watakosea herufi moja au mbili na kuambulia ujumbe kwamba ukurasa haupo. Hata yule aliyeinakili barabara huenda asiione makala hiyo mwaka ujao, kwa sababu wenye tovuti watakuwa wameleta mtambo mpya na kuzitupa anwani zote za zamani pamoja na ule mkongwe.

Kosa si la mwalimu wala la wanafunzi wake. Ni la mwundaji wa tovuti aliyeyaacha mambo ya jikoni yaonekane sebuleni.

Anwani isiyo na kasoro hiyo ndiyo wataalamu wanayoiita anwani safi. Badala ya kuandika /onyesha.do?aina=3&id=4711, tovuti huandika /makala/2011/4711/ugonjwa-wa-mahindi. Ya kwanza inaeleza jinsi mtambo unavyofanya kazi. Ya pili inaeleza kile ambacho msomaji anakitafuta, na inaweza kusomwa redioni au kutajwa kwa simu pasi na kumchosha msikilizaji.

Suala hili si geni. Kanuni rasmi za kuandika anwani za mtandao zilichapishwa mnamo Desemba 1994, na miaka minne baadaye Tim Berners-Lee, mwanasayansi Mwingereza aliyeubuni mtandao wa tovuti akiwa katika maabara ya CERN nchini Uswisi, aliandika makala akiwasihi wenye tovuti wasizibadilishe anwani zao. Hoja yake ilikuwa kwamba anwani hazibadiliki zenyewe. Ni watu wanaozibadilisha. Alishauri kwamba jina la mwandishi, aina ya faili na jina la programu inayotumika visiingizwe katika anwani, maana vyote hivyo hupitwa na wakati.

Ushauri huo haukuzingatiwa na wengi. Mnamo 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha uchunguzi wao kuhusu anwani za mtandao zilizotajwa katika maamuzi ya Mahakama ya Juu ya Marekani, wakagundua kwamba takriban nusu yazo hazikuwa zikimfikisha msomaji kwenye habari zilizokusudiwa na majaji. Ikiwa mahakama kuu ya taifa tajiri inaachwa kwenye mataa namna hiyo, sembuse mwalimu na ubao wake?

Katika tovuti zilizoundwa kwa lugha ya Java, tatizo hili lina sura yake ya pekee. Nyingi huendeshwa na servleti, yaani programu ndogo zinazokaa ndani ya seva zikisubiri maombi ya wasomaji. Teknolojia hiyo ilizinduliwa na kampuni ya Sun Microsystems mnamo 1997. Servleti haijiendeshi yenyewe. Hulelewa na programu kubwa zaidi iitwayo kontena, ambayo hupokea ombi na kuamua ni servleti ipi italishughulikia. Kontena inayojulikana zaidi ni Tomcat, ambayo Sun iliikabidhi wakfu wa Apache mnamo 1999.

Mwaka wa 2000 ulikuja mfumo wa Struts, ambao uliwarahisishia waundaji kazi na kuenea kwa kasi. Ni mfumo huo ulioufanya mwisho wa ".do" uzagae katika anwani kote duniani. Hakuna sheria iliyowalazimisha waundaji kuutumia mwisho huo. Ulikuwa tu ndio uliokuwa katika mifano ya mwanzo, nao wakanakili. Mnamo 2013 toleo la kwanza la Struts lilitangazwa kwamba halitatunzwa tena. Tovuti nyingi ziliachwa zikiwa na maelfu ya anwani zenye nembo ya chombo kilichozikwa.

Ramani ya anwani

Jambo ambalo wengi hawakulitambua ni kwamba servleti zenyewe hazihitaji mwisho wa aina yoyote. Tovuti ya servleti kwa kawaida huwa na faili iitwayo web.xml, na ndani yake mwundaji huchora ramani: anwani ya namna hii ipelekwe kwa servleti hii, ya namna ile kwa servleti ile. Tangu Desemba 2009, toleo la tatu la kanuni za servleti lilipotoka, ramani hiyo inaweza pia kuandikwa ndani ya msimbo wa servleti yenyewe.

Kontena huisoma ramani kwa utaratibu usiobadilika. Kwanza hutafuta anwani inayolingana herufi kwa herufi. Ikikosa, hutafuta njia inayoishia kwa mkwaju na kinyota, kama vile /makala/*, na zikiwa kadhaa huchagua iliyo ndefu zaidi. Ikikosa tena, huangalia mwisho wa anwani, kama vile *.do. Hatimaye, kama hakuna kilichopatikana, ombi huangukia servleti ya msingi, ambayo alama yake ni mkwaju pekee.

Kwa hivyo, njia nyepesi ya kupata anwani safi ni kuiandikisha servleti ya makala kwa /makala/* na kuacha kila kitu kingine kilivyo. Ombi la /makala/2011/4711/ugonjwa-wa-mahindi likifika, kontena huikabidhi servleti sehemu iliyobaki baada ya /makala, nayo huigawa kwa mikwaju. Hapo hupata mwaka, nambari na maneno. Nambari huipeleka kwenye hifadhidata, makala huletwa, kisha ombi hupitishwa kwa ndani hadi kwenye ukurasa wa JSP unaopanga maandishi na picha.

Neno "kwa ndani" lina uzito hapa. Servleti inapolipitisha ombi kwa ndani, kivinjari cha msomaji hakina habari, na anwani iliyo juu ya skrini haibadiliki. Ndiyo maana inafaa kurasa za JSP ziwekwe ndani ya folda ya WEB-INF, ambayo kontena hairuhusu mtu wa nje kuifungua moja kwa moja. Mwundaji akifanya hivyo, hata siku atakayoitupa JSP na kuleta chombo kingine, hakuna msomaji atakayejua.

Balaa huanza pale mwundaji anapotaka servleti moja iitawale tovuti nzima. Wengi huandika /* wakidhani wamemaliza kazi. Lakini njia hiyo hunasa kila kitu, zikiwemo picha, faili za mitindo na hata ule ukurasa wa JSP unaoitwa kwa ndani. Servleti huupeleka ombi kwa JSP, kontena hulirudisha kwa servleti, nayo hulipeleka tena, mzunguko usio na mwisho hadi kumbukumbu ijae na tovuti kuanguka. Aliyewahi kukesha akiitafuta hitilafu hii anajua jinsi inavyochosha, kwa kuwa ujumbe wa makosa hujaza maelfu ya mistari bila kutaja kiini chake.

Kuandika mkwaju pekee badala ya /* huuondoa mzunguko huo, kwani kurasa za JSP zina servleti yake katika Tomcat na hupewa kipaumbele. Hata hivyo, picha na mitindo bado hukwama, maana servleti ya msingi iliyokuwa ikizihudumia imeng'olewa na mpya kuchukua nafasi yake. Sharti mwundaji azitengee njia zake na kuzirejesha kwa ile servleti ya awali iliyokuja na kontena.

Njia ya tatu ni kutumia kichungi. Vichungi viliingia katika kanuni za servleti mnamo 2001, na kazi yake ni kulipokea ombi kabla halijafika kwa servleti. Kichungi huitazama anwani. Kikiona ni picha hukiacha kipite, kikiona ni anwani safi hukitafsiri kuwa ile ya ndani na kukipitisha. Faida yake kubwa ni kwamba tovuti kongwe yenye anwani za ".do" inaweza kupewa sura mpya bila kuguswa ndani. Mwundaji asiyetaka kuandika chake anaweza kutumia UrlRewriteFilter ya Paul Tuckey, ambayo hufuata sheria zilizoandikwa kwenye faili moja, kwa mtindo unaofanana na ule wa mod_rewrite uliobuniwa na Ralf Engelschall kwa ajili ya seva ya Apache mnamo 1996.

Kwa tovuti mpya, hata hivyo, kichungi cha kutafsiri ni mzigo usiohitajika. Ni heri kuandikisha njia chache zinazoeleweka kuliko kurundika sheria 60 ambazo aliyeziandika akiondoka kazini hakuna mwingine atakayezifumbua.

Kuna mtego mwingine mdogo unaowanasa hata wazoefu. Mara tu anwani safi inapoanza kutumika, picha hupotea katika kurasa zote. Sababu ni kwamba kivinjari huichukulia kila sehemu iliyo kati ya mikwaju kuwa folda. Ukurasa unapoagiza "picha/nembo.png", kivinjari huitafuta ndani ya /makala/2011/4711/picha/, mahali pasipokuwapo. Dawa ni kuandika anwani za picha kuanzia shina la tovuti. Na kwa vile Tomcat huipa tovuti jina la faili yake, ile iliyowekwa kwa jina gazeti.war huonekana chini ya /gazeti isipokuwa ikiitwa ROOT.war, jina hilo nalo halina budi kutangulizwa katika kila kiungo.

Kipi kiingie katika anwani?

Ufundi ukishatulia, hubaki swali gumu zaidi, nalo si la kompyuta. Ni maneno gani yanayostahili kuingia katika anwani itakayosomwa miaka 20 ijayo?

Wahariri wengi hupenda kugawa habari kwa maeneo au kwa wizara. Nchini Kenya, mgawanyo huo umeshaonyesha udhaifu wake. Kabla ya Katiba ya 2010, ilionekana jambo la busara kuweka habari za Kisumu chini ya /mikoa/nyanza/ na za Nakuru chini ya /mikoa/bonde-la-ufa/. Mikoa 8 ilikuwapo tangu miaka ya sitini, na nani angedhani ingeondoka? Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, utawala ulihamia kaunti 47. Tovuti iliyokuwa imejengwa juu ya mikoa ilibaki na mambo mawili tu ya kuchagua: kuendelea kutumia majina ya utawala uliopita, au kuzibadilisha anwani na kuvunja viungo vyote vilivyosambazwa.

Wizara ni mbaya zaidi. Katiba hiyo hiyo inaruhusu mawaziri wasiopungua 14 na wasiozidi 22, na kila serikali huzigawa na kuziunganisha wizara itakavyo. Anwani yenye jina la wizara ina umri wa serikali moja, pengine hata chini ya hapo.

Tarehe, kwa upande mwingine, haibadiliki. Makala iliyochapishwa 2011 itabaki ya 2011 milele. Ndiyo maana mfano wa mwalimu una mwaka, kisha nambari isiyopewa makala nyingine, kisha maneno ya kichwa. Maneno hayo ni ya kumsaidia msomaji tu, servleti haiyategemei. Mhariri akikibadilisha kichwa kesho, nambari 4711 bado itaileta makala ile ile. Kinachofaa ni servleti ilinganishe maneno yaliyoletwa na kichwa cha sasa, na yakitofautiana imwelekeze msomaji kwenye anwani sahihi ili ukurasa mmoja usiwe na majina kumi.

Hapa Kiswahili kina bahati. Wafaransa na Wareno huhangaika na herufi zenye alama juu, ambazo zikiingia katika anwani hugeuka kuwa vurugu la asilimia na tarakimu. Kiswahili hakina herufi za aina hiyo. Kinachosumbua ni ritifaa tu, ile ya ng'ombe na ng'ambo, ambayo waundaji wengi huiondoa. Kwa kawaida hakuna hasara, ila mara moja moja maana hupotoka: ng'oa ya mkulima anayeng'oa magugu na ngoa ya mwenye wivu huwa neno moja. Maadamu nambari ipo, makala hizo mbili hazitagongana.

Vilevile ni muhimu kutumia herufi ndogo pekee, kwani njia ndani ya anwani hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Mtu anayeisikia anwani redioni hawezi kujua kwamba M ya Makala ni kubwa.

Si kila kiulizi ni dhambi, lakini. Msomaji anapotafuta neno fulani, akachagua mwaka na kutaka matokeo yapangwe kuanzia mapya, hayo ni maswali kwelikweli, na kiulizi ndicho mahali pake. Kuyageuza kuwa /tafuta/mahindi/mwaka/2011/mpangilio/mpya ni kujitesa bure.

Hatari ya kitambulisho cha kikao

Kasoro zilizotajwa kufikia sasa humkosesha msomaji makala. Kuna moja inayoweza kumkosesha siri yake.

Mtu anapoingia katika tovuti kwa neno la siri, kontena humpa kitambulisho cha kikao ili imtambue katika kila ukurasa atakaoufungua. Kwa kawaida kitambulisho hicho huhifadhiwa ndani ya kuki katika kivinjari. Lakini katika ziara ya kwanza, kontena haijajua kama kivinjari hicho kinakubali kuki, kwa hivyo hukiweka pia mwishoni mwa viungo vya ukurasa: nukta-mkato, neno jsessionid, kisha msururu mrefu wa herufi na tarakimu.

Msomaji akiinakili anwani hiyo na kumtumia rafiki, amemtumia pia ufunguo wa kikao chake. Rafiki akiifungua kabla kikao hakijaisha, anaweza kujikuta ndani ya akaunti ya mwenzake bila kuulizwa neno la siri. Katika tovuti ya habari huenda madhara yakawa madogo. Katika ile ya shule inayoonyesha alama za mitihani, au ya chama cha ushirika inayoonyesha akiba za wanachama, si jambo la mzaha. Isitoshe, mitambo ya utafutaji ikizikusanya anwani hizo, ukurasa mmoja huonekana kana kwamba ni mia.

Tiba yake ni mstari mmoja. Tangu toleo lile la 2009, mwundaji anaweza kuagiza katika web.xml, kwenye sehemu ya tracking-mode, kwamba kikao kifuatiliwe kwa COOKIE pekee. Kabla ya hapo ilibidi kuandikwa kichungi cha kuzuia viungo visiongezwe kitambulisho. Inashangaza kwamba kuna tovuti ambazo hazijawekewa mstari huo hadi leo.

Anwani za zamani

Tovuti inayohamia anwani safi ina deni kwa kila aliyewahi kuihifadhi anwani ya zamani. Deni hilo hulipwa kwa kumwelekeza msomaji kutoka ya zamani hadi mpya, tena kwa nambari ya jibu 301, ambayo hukiambia kivinjari na mitambo ya utafutaji kwamba ukurasa umehama moja kwa moja.

Hapa pana kosa linalorudiwa sana. Amri ya kawaida ya servleti, sendRedirect, hutoa jibu la 302, ambalo maana yake ni kwamba ukurasa umehama kwa muda tu. Msomaji haoni tofauti, kwani anafika anakokwenda. Mtambo wa utafutaji, hata hivyo, umeambiwa kwamba huenda ukurasa ukarejea ulikotoka, na unaweza kuendelea kuitunza anwani kuukuu. Mwundaji anapaswa kuitaja 301 mwenyewe na kuiandika anwani mpya katika kichwa cha jibu.

Makala iliyoondolewa kabisa ipewe jibu la 410, na ile isiyojulikana ipewe 404. Tabia ya kuwarudisha wasomaji wote kwenye ukurasa wa kwanza, ati wasione ujumbe wa makosa, ni ya udanganyifu. Mtu aliyetafuta habari za mahindi hajajibiwa kwa kuonyeshwa picha ya kiongozi aliyefungua daraja. Pia, mtu akiandika herufi mahali pa nambari, servleti itoe 404 kwa utulivu, si kumwaga skrini nzima ya makosa inayofichua muundo wa ndani wa tovuti.

Mnamo 2017 kampuni ya Oracle, iliyokuwa imeinunua Sun, ilitangaza kuikabidhi teknolojia hii kwa wakfu wa Eclipse. Kwa sababu za haki za jina, majina ya ndani yaliyoanza kwa javax yalilazimika kugeuzwa kuwa jakarta, na Tomcat kuanzia toleo la 10 haiyatambui yale ya zamani. Waundaji wengi walilazimika kuipitia upya misimbo yao faili kwa faili. Wasomaji wa tovuti zilizokuwa na anwani safi hawakuhitaji kufanya lolote.

Kabla ya kuhama, inafaa kumbukumbu za seva za mwaka mzima zipekuliwe na kila anwani iliyowahi kuombwa iorodheshwe, kisha orodha hiyo ipitishwe kwenye tovuti mpya moja baada ya nyingine. Baada ya kuhama, mtu mmoja apewe jukumu la kuzisoma 404 kila asubuhi kwa wiki kadhaa. Mle ndimo zitakamoonekana anwani ambazo hakuna aliyezikumbuka: zilizochapwa kwenye vitabu, zilizobandikwa kwenye mbao za matangazo, na zile zilizoandikwa kwa chaki.